Namna ya kushuti vita vya Mahenge vya 1905 na msiba unaofuata

Skripti nyingi za Maji Maji zina mstari mmoja tu unaosema "wapiganaji wanavamia boma, wengi wanakufa." Mstari huo ukifika lokesheni ni siku tano za kazi, na ndio unaoamua kama mtazamaji ataumia au atachukua simu yake. Mwongozo huu ni wa kushuti shambulio la boma la Mahenge la tarehe 30 Agosti 1905 kwa tamthilia ya televisheni yenye bajeti ya wastani: waigizaji wa umati 60, kamera mbili, na mashine moja au mbili za moshi. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa vita vingine ambavyo upande tunaoupenda unashindwa.

Kwanza tujue kilichotokea, kwa sababu sini nzima imo humo. Boma lilikuwa chini ya afisa wa Kijerumani, Theodor von Hassel, mwenye askari wapatao 60, wasaidizi wa kienyeji mia kadhaa na bunduki mbili za rashasha. Wapogoro na Wambunga waliokuja kulivamia walikuwa maelfu, ila hawakuafikiana juu ya wakati wa kushambulia, wakaja kwa makundi mawili, kila moja kwa saa yake. Kundi la kwanza lilifunguliwa moto likiwa kama mita 1,000. Halikukimbia. Safu zilipungua huku zinasonga kwa muda wa robo saa hivi, ndipo zikavunjika na watu wakajibanza nyuma ya mawe madogo. Kisha ukaonekana moshi wa shule za misheni zilizochomwa, na kundi la pili la watu wasiopungua 1,200 likaja kutoka mashariki, likapita mbio kati ya nyumba za kijiji zilizowakinga risasi, likatokea barabarani mbele ya boma. Wa mbele kabisa walianguka hatua tatu kutoka mstari wa bunduki.

Mita 1,000, kisha hatua tatu. Ukishika vipimo hivyo viwili umeshika sini yote.

Pima uwanja kabla ya kuandika

Nenda lokesheni na kamba ya kupimia, chora ramani, pigilia vigingi mita 1,000, 600, 300 na 100 kutoka ukuta wa boma, na kimoja cha mwisho hatua tatu. Paka kila kigingi rangi yake upande ambao kamera haitauona. Kuanzia hapo kila mtu, kuanzia muongozaji hadi mpishi, ataje mahali kwa jina la kigingi. Mwandishi asiandike "wanakaribia". Aandike "wako 600". Mpiga picha akisikia 600 anajua lenzi gani inatoka kwenye mkoba.

Umbali huo ni wa maana hata kwa mwendo wa waigizaji. Mtu anayekimbia humaliza mita 1,000 kwa dakika tano au sita. Hawa walikuwa chini ya risasi robo saa wakiwa bado kwenye safu, maana yake walitembea. Kosa linaloonekana karibu kila tamthilia ya aina hii ni kundi kukimbia ovyo likipiga mayowe tangu fremu ya kwanza, mikuki juu, kila mtu na njia yake. Mwendo wa namna hiyo unamwambia mtazamaji kwamba hawa watu hawakuwa na mpango. Safu inayotembea kwa utulivu huku watu wake wanaanguka inatisha zaidi, na ndiyo iliyokuwepo. Fanyisha mazoezi ya kutembea nusu siku nzima: hatua sawa, nafasi ya mita mbili kati ya mtu na mtu, macho mbele. Kukimbia kuachie kundi la pili, kati ya nyumba, ambako kuna sababu ya kukimbia.

Msimu nao usiuchezee. Mwisho wa Agosti kule Ulanga, wilaya iliko Mahenge, ni kiangazi: nyasi kavu, vumbi, majani machache. Ukishuti Aprili kwa sababu mwigizaji mkuu ana nafasi Aprili, utapata majani mabichi ya kiunoni na tope, na hakuna mhariri atakayekukaushia kilima kizima. Kagua pia mstari wa upeo wa macho: nguzo za umeme, mabati, mnara wa simu, mikaratusi, na miti ya mitiki iliyopandwa kwa mistari. Mistari hiyo ya mitiki haifichiki. Badili pembe ya kamera au badili kilima.

Watu watano, siyo maelfu

Mtazamaji hawezi kuomboleza watu 1,200. Anaweza kuomboleza watano, kama amewajua angalau sehemu mbili za tamthilia kabla ya vita. Kila mmoja apewe kazi ndani ya safu na kitu kimoja cha kumtambulisha kwa mbali: namna alivyofunga kaniki, ngao iliyopasuka pembeni, mwendo wa kuchechemea. Uso hauonekani mita 600, umbo linaonekana. Mmoja awe mwenye gobore, mmoja hongo (yaani mjumbe aliyeleta dawa), mmoja kijana, mmoja ndugu yake mkubwa au baba yake mdogo, na wa tano awe kundi la pili, ili asiwepo wenzake wanapoanguka.

Huyo wa tano usimsahau. Kwa sababu makundi mawili hayakuja pamoja, kuna muda ambao kundi la kwanza limekwisha kuvunjika na la pili halijui. Hapo ndipo msiba unapokaa. Mtazamaji anajua, mhusika hajui, naye anakwenda mbio. Sini ya mabishano kuhusu saa ya kushambulia iwekwe sehemu iliyotangulia, iwe fupi, na pande zote mbili ziwe na hoja ya kueleweka. Ukimfanya mmoja mjinga, umeua msiba wote na kubakiwa na lawama.

Tahadhari hiyohiyo iende kwenye dawa. Maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama yalikuwa na masharti: kutolala na mwanamke, kutopora mali. Yalikuwa pia kiapo kilichowakutanisha watu ambao mwaka mmoja nyuma wasingekaa pamoja. Sini ya kunyunyiziwa iandikwe na kuigizwa kwa uzito, bila ngoma za kutisha na bila mganga mwenye macho ya kuzungusha. Kipimo chake ni hiki: mtazamaji wa leo, anayejua historia, akiimaliza atamani maji yafanye kazi. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeanzisha dawa hiyo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, siku 26 kabla ya Mahenge. Maliza sehemu iliyotangulia kwa kunyongwa kwake, na kila tone litakalonyunyizwa baada ya hapo litakuwa zito lenyewe, bila muziki.

Tazama sasa jinsi risasi ya kwanza inavyoweza kuandikwa:

*Mita 1,000. Nyasi kavu. Mtu wa nne kutoka kushoto anaanguka.*
*KIJANA: Baba mdogo, yule kajikwaa.*
*BABA MDOGO: Atainuka. Tazama mbele.*
*Mlio wa bunduki unafika.*
*Mwingine anaanguka, karibu zaidi.*
*KIJANA: Baba mdogo…*
*BABA MDOGO: Mbele.*

Kinachofanya mistari hii ifanye kazi ni kuchelewa kwa mlio, hapa kukiwa kumetiwa chumvi kidogo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mita 1,000 mlio hufika takriban sekunde tatu baada ya moshi kuonekana. Risasi nayo huchukua karibu muda huohuo, kwa hiyo kuuvuta mlio uje baada ya mtu kuanguka ni uhuru wa mwandishi: ndani ya mwanya huo kijana anaona kitu asichokielewa na kujitungia maelezo. Imani haivunjiki kwa mtu mmoja aliyeanguka. Kila anayeanguka anapewa sababu yake: huyu kajikwaa, yule alivunja masharti, yule hakunyunyiziwa vizuri. Andika sababu nne au tano, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia, kisha ukimya. Usimwandikie mhusika yeyote sentensi ya "dawa haifanyi kazi". Mtazamaji ataisema mwenyewe.

Kuhusu lugha: askari na maofisa wazungumze Kiswahili kati yao, na amri za gwaride zitolewe kwa Kijerumani. Vyeo vya askari weusi vilikuwa efendi, soli, shaushi, ombasha. Vitumike, kwa sababu "koplo" na "sajenti" vinanuka jeshi la Waingereza lililokuja baadaye. Wapiganaji wakizungumza Kipogoro na Kimbunga chenye tafsiri chini ya picha itapendeza zaidi, alimradi mzee wa lugha awepo seti siku zote na si siku ya kusoma skripti tu. Salamu za pwani usizibandike kwa Wapogoro wa 1905.

Kufanya 60 waonekane elfu

Hapa ndipo fedha zinapookolewa au kupotea.

Lenzi ndefu ndiyo rafiki. Kwenye mita 1,000 na 600 tumia milimita 200 au zaidi, kamera iwe chini, kiunoni, ili safu ya nyuma iingie katikati ya vichwa vya safu ya mbele. Panga watu 60 katika safu tatu za 20, safu ya pili ikianza katika nafasi za safu ya kwanza, umbali wa mita nane kati ya safu na safu. Mavumbi yafiche ncha zote mbili za mstari: mtazamaji asiyeona mwisho wa safu hujaza mwenyewe. Droni iache kwenye boksi. Kutoka juu, watu 60 ni 60, na kila nafasi tupu inaonekana kama kitambaa kilichotoboka. Kama mzalishaji ameshailipia na anaisisitiza, ipige kilima kitupu kabla ya alfajiri ya vita, mshukuru, endelea.

Kwa picha moja au mbili pana, rudufu umati. Funga kamera kwenye stendi, weka mchanga kwenye miguu yake, funga fokasi, mwanga na rangi visijirekebishe vyenyewe. Piga kundi lote likiwa kushoto kabisa, lihamishe mita 45, piga tena, na tena, hadi mara tano. Kila zamu watu wabadilishane ngao na nguo za juu, na wale watano wakuu watoke baada ya zamu ya kwanza. Mhariri ataziunganisha kuwa kama watu 300, na vumbi litaongeza waliobaki. Zamu zote tano zikamilike ndani ya dakika 20. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Ukikaa saa nzima ukigombana na watu kuhusu ngao, vivuli vya kushoto vitaelekea kwingine na vya kulia kwingine, na ujanja utaonekana hata kwenye simu ndogo. Zamu zisikutane: acha mita tano tupu kati ya kundi na kundi, vinginevyo mkono wa mtu utakatwa hewani pale picha zinapoungana.

Mavazi yawe kaniki na merikani, vitambaa vya biashara vilivyokuwa vimeenea wakati huo. Ngozi za wanyama kwa kila mtu ni picha ya kadi za posta. Vichafue: vilowekwe kwenye maji ya udongo mwekundu, vianikwe, visuguliwe kwa jiwe kwenye magoti na makalio. Mtu wa mekapu aanze na mabega kabla ya nyuso, kwa sababu karibu kila mwigizaji wa leo ana kovu la chanjo ya kifua kikuu juu ya mkono, na chanjo hiyo haikuwepo 1905. Fundo la kitambaa begani linatosha. Kisha alama za saa, soksi na sidiria, vitobo vya hereni, nyaya za kunyooshea meno. Mkaguzi mmoja asimame kwenye njia ya kuingia uwanjani, asiwe na kazi nyingine, na kila anayepita amwoneshe mikono na meno.

Silaha, moshi, kuanguka

Tumia bunduki bandia za mbao na plastiki ngumu zisizoweza kufyatua, halafu mwako na moshi viongezwe. Silaha halisi, hata ya maonyesho, inakuingiza kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na risasi ya maonyesho isiyo na kichwa bado hutoa moto na vipande vinavyoweza kuua kwa karibu. Kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu Tanzania. Hicho kikiwa mkononi, bado nenda polisi na kwa mtendaji wa kijiji siku mbili kabla. Watu waliobeba bunduki kwenye kilima, hata za mbao, hutazamwa kama watu waliobeba bunduki.

Silaha za askari zilikuwa Mauser za mtindo wa 1871: risasi moja kwa wakati, baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa wingu zito jeupe. Baada ya kufyatua kwa pamoja mara tatu au nne, ukuta wa boma hauonekani vizuri, na anayepiga naye haoni vizuri. Waongozaji wengi huusahau moshi huu, kisha wanashangaa kwa nini vita vyao vinafanana na vya filamu za kisasa. Weka mashine ya moshi nyuma ya ukuta, upepo ukitoka nyuma ya kamera au pembeni. Upepo ukikugeukia, simamisha. Moshi ulioingia kwenye lenzi kwa dakika kumi umekula mwanga wako wa asubuhi. Kwa vumbi tumia udongo mkavu uliochekechwa mara mbili, na barakoa kwa wanaourusha. Unga wa mahindi au ngano usiutumie kamwe karibu na moto: ukitawanyika hewani hulipuka.

Gobore lipige mara moja. Kulijaza baruti, kitambaa na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kushindilia, kuweka fataki au baruti ya kuwashia, yote hayo ni nusu dakika kwa mtu aliyetulia. Mhusika wako akipiga mara mbili ndani ya sekunde kumi umempa silaha ambayo hakuwa nayo. Nusu dakika hiyo, ukiiacha iende yote kwenye picha moja bila kukata, huku mikono inatetemeka na watu wanaanguka kandokando, ina thamani kuliko milipuko kumi.

Maxim, yaani bunduki ya rashasha ya boma, nayo ina tabia zake. Hutoa risasi kama 500 hadi 600 kwa dakika, na mkanda wake wa kitambaa una risasi 250, kwa hiyo moto mfululizo ukishikiliwa unamaliza mkanda kwa nusu dakika. Mpigaji hodari hupiga vipande vya risasi 10 hadi 20. Kisha mkanda unabadilishwa, na kwa sekunde kadhaa kuna ukimya. Kwenye ukimya huo ndipo watu waliojibanza nyuma ya mawe wanainua vichwa. Mtu mmoja anacheka. Bunduki ya pili inaanza. Na kuna jambo la kushangaza ambalo mtunza vifaa asilikose: mtutu wa Maxim ulizungushiwa koti la chuma linalojazwa maji, kama lita nne, ili usipate joto kupita kiasi. Picha ya sekunde nne ya askari akimimina maji kwenye bunduki, siku hiyo, mahali hapo, haihitaji maneno. Iweke mapema, kabla ya risasi ya kwanza, ipite kama kazi ya kawaida.

Kuanguka kufundishwe siku mbili kabla. Risasi haimrushi mtu nyuma. Anayetembea akipigwa huendelea mbele hatua moja au mbili, goti linakatika, nyonga inafika chini, kisha bega. Asitangulize viganja na mikono iliyonyooka; kifundo cha mkono kitavunjika, na kweli. Kwa kila anayeanguka safisha mawe kwenye duara la mita mbili, na silaha zote zilizo mita tatu kutoka kwake ziwe na ncha za mpira. Wape watu namba, wenye namba fulani waanguke kwa filimbi ya kwanza, wengine ya pili, wengine ya tatu, na wanaosimama pamoja wawe na namba zisizofuatana. Umati usiopewa namba huanguka wote kwa pamoja kwenye risasi ya kwanza, halafu hubaki kilima kitupu na watu wawili walioduwaa.

Damu: lita moja ya shira nzito ya sukari, mililita 40 za rangi nyekundu ya chakula, vijiko viwili vya chai vya kakao ili isiwe ya waridi, maji kidogo kuilainisha. Kwenye kaniki, kwa weusi wake, haionekani, inaonekana tu kama unyevu mweusi, kwa hiyo mimina mara mbili ya unavyodhani na umpige mtu picha jua likiwa pembeni yake. Kwenye merikani, ambayo ni nyeupe, robo inatosha. Shira huvuta nyuki. Ipakwe dakika tano kabla ya kupiga, chupa zifunikwe, na mtu mwenye mzio wa nyuki aulizwe asubuhi, siyo baada ya kuumwa.

Kila mwigizaji wa umati apate maji ya kunywa yasiyopungua lita tatu kwa siku na kivuli kati ya shoti. Walipwe kila jioni. Watu wasiolipwa siku ya kwanza hawarudi siku ya pili, na safu ya 60 inakuwa ya 34.

Hatua tatu

Shoti ya kundi la pili ndiyo ghali kuliko zote, kwa hiyo ipigwe siku ya kwanza au ya pili, nguvu zikiwepo. Hapa lenzi ndefu irudi kwenye mkoba. Chukua milimita 24 au 28, kamera mkononi, ikimbie pamoja nao kati ya nyumba. Nyumba sita za udongo na nyasi, zikiwekwa kwa kupishana pande mbili za njia ya mita 60, zinatosha kuwa kijiji. Humo ndani kuna kelele, jasho, kuku, na tumaini kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza risasi haziwafikii. Acha mtazamaji naye aamini. Kisha kona ya mwisho, barabara wazi, boma.

Ukuta wa mbele wa boma ujengwe mita 12 kwa 3, fremu ya mbao na plaiwudi iliyopakwa udongo na saruji. Mnara jenga kilele chake tu, juu ya jukwaa la mafundi ujenzi, upigwe kutoka chini. Jengo la kihistoria usilichokoe msumari hata mmoja.

Kutoka kona hadi ukuta kata mara chache. Mtu wako wa tano apite waliotangulia, afike kwenye kigingi cha mwisho, na kamera imwone askari aliye mbele yake kwa ukaribu uleule. Askari huyo naye ni kijana wa Kiafrika aliyeshika bunduki kwa mshahara. Watazame sekunde moja nzima. Mwendo wa polepole, kama ni lazima uwepo mahali fulani kwenye tamthilia, usiwe hapa. Kila mtu anautegemea hapa.

Kwenye kuhariri, robo saa ya kundi la kwanza iwe dakika tatu na nusu hadi nne, ya pili isizidi mbili. Shoti za mwanzo zikae sekunde nane hadi kumi na mbili. Usiharakishe kukata kadiri vita vinavyochachamaa. Ukikata kila sekunde moja mtazamaji hawezi kuhesabu nani amebaki, na asipohesabu haumii. Sauti ya "Maji! Maji!" irekodiwe pembeni, watu 25, mara sita, kila mara wakisimama umbali tofauti na maikrofoni. Kwenye mchanganyo wa mwisho ondoa tabaka moja baada ya jingine, polepole, hata mtazamaji asijue lini sauti ilianza kupungua. Muziki usiingie.

Baada ya vita

Wapo waongozaji wanaofunga sehemu kwa kamera kupanda juu ya miili iliyolala. Ni picha nzuri na haisemi lolote. Kilichotokea kweli kina ukali zaidi: wapiganaji walipokuwa hawaonekani tena, kamanda wa boma alishuka kutoka mnarani akagawa shampeni. Piga tukio hilo bila kulidharau wala kulitia chumvi, watu waliochoka wakinywa kwenye vikombe vya bati, wakicheka kwa sauti ndogo. Askari mmoja asinywe. Inatosha.

Kisha rudi kwa waliobaki, usiku, njiani. Hapa andika sini ndefu kuliko unavyodhani skripti inahitaji, dakika tano au sita. Wanaulizana nani alionekana wapi mara ya mwisho. Mmoja anaanza kutafuta aliyevunja masharti: nani alipora, nani alilala na mke wake. Hongo yupo, ananyamaza. Ndugu wanatazamana kwa macho mapya. Mabaki ya kundi la kwanza yakutane na mabaki ya la pili, na neno la kwanza liwe la lawama, siyo la pole.

Boma lilizingirwa hadi Septemba, msaada wa Kijerumani ulipofika kutoka Iringa, kwa hiyo sehemu inayofuata usiifungue kwa amani. Fungua kwa shamba. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi, kwa sababu mazao na maghala yalichomwa kwa makusudi, na waliotakiwa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori hawakuwepo tena. Hilo linaweza kuoneshwa kwa shamba moja lilelile, kamera mahali palepale, mara tatu ndani ya msimu: mtama umesimama na mtu kwenye dungu, mtama umelala na dungu tupu, msitu umeingia hadi kwenye mlango wa nyumba. Panga tarehe hizo tatu na mwenye shamba kabla hujaanza kushuti lolote, mlipe mazao yake yote, na pigilia kigingi mahali miguu ya stendi ilipokaa. Waigizaji waliobaki wapunguze uzito kwa usimamizi wa daktari au wafanyiwe mekapu ya mashavu na nguo zishonwe upya kwa saizi kubwa zaidi. Nguo inayoning'inia huonesha njaa bila kumtesa mtu.

Maandishi ya mwisho kwenye skrini yawe mafupi, yakae sekunde nane, yasome makadirio kama makadirio: serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000 kwa vita vyote vya 1905 hadi 1907, na wanahistoria wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Yawekwe juu ya fremu ya tatu ya shamba, sauti ya shamba ikiendelea, na majina ya waigizaji yasianze kupanda hadi maandishi yaishe.